Michezo ya kutengeneza nyumbani kwa watoto wadogo: unga, rangi za jikoni, beseni na tiara (mwongozo kamili)

Masika ya mwaka jana mvua ilitufungia ndani siku nne mfululizo, uani kwetu maji mpaka kwenye ngazi, umeme unakatika unarudi, katuni hamna, na mimi nina watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano na mdogo alikuwa hajafika hata miwili na nusu. Siku ya pili mchana nasonga ugali, nikawamegea kila mmoja tonge wakae nalo kwenye mkeka, nia yangu wale wanyamaze nimalizie mboga. Hawakula. Mkubwa akafinyanga nyoka, mdogo yeye akawa anabonyeza kidole tu, anatoa, anachungulia kitundu, anabonyeza tena, dakika ishirini nzima nyumba kimya mpaka nikaogopa nikaenda kuchungulia kuna nini.

Nikaanzia hapo. Tangu siku ile nimejaribu vitu vingi, vingine vimekubali vingine vimenipa kazi ya kudeki mpaka usiku, na hapa naandika vile vilivyokubali na vipimo vyake kabisa, pamoja na makosa niliyofanya.

Kuna watu wanaiita michezo ya hisi, yaani mtoto anatumia milango yake ya fahamu, anagusa, ananusa, anasikiliza, anaangalia, na kuonja kumo humo humo maana wa mwaka mmoja kila kitu kinaishia mdomoni. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye uwanja hatukuwa na jina lake, tulikuwa tunapika pilau la mchanga kwenye vifuu vya nazi chini ya mwembe, majani ndo noti za kununulia. Saivi wengi tuko kwenye vyumba viwili na uwanja umemwagwa zege, kwa hiyo kile kilichokuwa kinatokea chenyewe inabidi mtu mzima akiandae.

Anza na usafi, sio mchezo

Najua unataka kurukia unga wa rangi lakini nisikilize kwanza. Kinachofanya mama aache haya mambo baada ya siku moja ni uchafu, na uchafu unapangwa kabla mtoto hajashika kitu. Mimi nina turubai dogo, kama huna hata mfuko wa salfeti uliopasuliwa pembeni ukafuliwa unatosha, nalitandika barazani au katikati ya chumba na sheria ni moja tu, kitu kikitoka nje ya turubai mchezo umeisha. Mara mbili za mwanzo utaumaliza kweli na watalia. Mara ya tatu wanakuwa wanajilinda wenyewe, mdogo wangu akiona punje imetoka anaifuata mwenyewe anairudisha.

Pembeni weka ndoo yenye maji kidogo na kitambaa, ila ikae upande wako wewe sio wa mtoto. Wavalishe tisheti ile iliyochakaa, au wabaki na chupi tu, joto lenyewe la Dar unalijua. Ukimaliza unakunja turubai pembe nne, unaenda kukung'uta nje, umemaliza. Ukifanyia juu ya zulia usije kunilaumu.

Muda mzuri ni asubuhi wakishakunywa chai au jioni kabla ya kuoga. Usifanye wakati wana njaa au usingizi, hapo hata ulete nini watapigana tu.

Vya kuokoteza

Huhitaji kwenda dukani. Weka boksi moja chini ya kitanda uanze kutupia humo: vizibo vya soda na vya maji, chupa za plastiki za nusu lita, maboksi ya maziwa na juisi, vifuu, makopo ya siagi, magazeti, vitambaa vya fundi cherehani (muombe tu, anavitupa), ufagio wa chelewa uliokwisha, ndala iliyokatika. Ndani ya wiki mbili boksi limejaa.

Kitu cha kuchuja hapo ni ukubwa. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu chukua lile karatasi gumu la katikati ya toilet pepa, kitu chochote kinachopita kwenye lile tundu kinaweza kumkaba, kitoe. Kwa hiyo kizibo cha soda kinatoka, shanga zinatoka, maharage yanatoka. Betri zile ndogo bapa kama kidonge, za rimoti na midoli inayowaka taa, zisionekane kabisa eneo hilo, mtoto akimeza ni kukimbia hospitali muda huohuo usingoje uone dalili, inaunguza koo kwa ndani.

Na kuna mbegu watoto wanaziokota kwa sababu ni nzuri: nyonyo zile zenye madoadoa, na zile ndogo nyekundu zenye kidoto cheusi ambazo wengine wanazitungia shanga. Zote mbili zina sumu kali. Tupa.

Unga wa kufinyanga

Huu ndo mama wa michezo yote, ukijifunza huu mmoja tu umemaliza nusu ya kazi. Ule wa dukani maarufu, Play-Doh, historia yake inachekesha, kule Marekani kiwanda kimoja cha Cincinnati kilikuwa kinautengeneza kama kitu cha kufutia masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani, watu walipoacha kupasha nyumba kwa makaa biashara ikafa, katikati ya miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa chekechea akawapa watoto wakafinyangie, kikauzwa upya kama mchezo. Yaani ni unga, maji na chumvi vilivyopata bahati. Sasa wewe wa nini ulipie makumi ya maelfu?

Chukua:
- unga wa ngano kikombe kimoja cha chai
- chumvi laini nusu kikombe
- maji kikombe kimoja
- mafuta ya kula kijiko kimoja cha chakula
- maji ya ndimu vijiko viwili vya chakula
- rangi, nitaielezea huko chini

Changanya vyote kwenye sufuria kabla hujaweka jikoni, koroga mpaka mabuja yaishe, uwe kama uji mwepesi wa maji ya kumimina. Ndo uweke kwenye moto mdogo, kama ni mkaa punguza makaa yabaki machache. Shika mwiko na usiondoke. Dakika ya kwanza hutaona kitu, ya pili chini kunaanza kushika, geuza, kuanzia ya tatu mpaka ya tano unajikusanya wenyewe unakuwa bonge na unaachia sufuria. Ni kama ugali tu, ukiona unaachia pembeni na hauna tena ung'avu wa ubichi, ipua. Ukiupitiliza utakauka na kumeguka, ukiutoa mapema utanata vidoleni kama gundi.

Mwaga kwenye kibao, acha upoe mpaka unavumilika, halafu ukande kama unga wa chapati dakika mbili tatu. Hapa mwite mtoto, aanze kukanda ukiwa na uvuguvugu bado, ule uvuguvugu ndo utamu wenyewe. Ukinata nyunyiza unga kidogo, ukikatikakatika lowesha mikono na mafuta.

Ukae kwenye kopo lenye mfuniko. Kwangu unafika wiki mbili tatu, ila sisi wa pwani tuna shida moja, chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo asubuhi unaweza ukafungua ukakuta umetoa jasho na umelainika. Haujaharibika, kanda na unga kidogo. Ukiona ukungu au harufu imebadilika hapo tupa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwafinyangia mimi. Nimekaa pale natengeneza kasa mzuri ana magamba na macho, nikiinua kichwa watoto wameshaondoka wanacheza na mfuniko wa kopo. Wape vifaa uache: uma, kifuniko cha kopo, kipande cha ufagio, kitana cha zamani, ule mti wa kusukumia chapati, jani lenye mishipa (jani la mpera linatoa alama nzuri kweli). Wa miaka miwili atabonyeza na kumega tu, ndo kazi yake hiyo usimkatize. Wa miaka minne mitano ataanza duka, atakuuzia maandazi ya buluu na utalipa.

Chumvi humo ni nyingi makusudi, inazuia kuoza na inamfanya mtoto ateme akionja. Kuonja sio neno lakini kula bonge zima ni hatari, chumvi ya kiasi kile inadhuru mtoto, na inadhuru mbwa pia kama mnafuga. Kama wako bado yuko kwenye ile hatua ya kula kila kitu, mpe ugali. Kweli kabisa. Ugali uliopoa, mgumu kidogo, umetia tone la mafuta, hauna chumvi, akila amekula. Haukai mpaka kesho lakini nani anaujali.

Ukitaka vitu vya kubaki (mapambo, shanga kubwa, sahani ya kiganja cha mtoto) unga haupikwi: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji unaongeza kidogokidogo mpaka ushikane, mara nyingi hayafiki kikombe kizima. Sukuma unene wa kidole cha mwisho usizidishe, kata, toboa tundu la uzi kabla haujakauka, anika juani siku mbili tatu ukigeuza. Wakati wa masika usihangaike, haukauki, na hata uliokauka unarudi kulainika.

Hili la kuchezea chakula

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga akanikuta nimewawekea wanangu beseni la mchele, akasimama mlangoni na kanga yake kiunoni. "Mwanangu, mchele huo?" Nikamwambia ndio mama wanajifunza kumimina. Akanyamaza kidogo. "Na nyumba ya tatu hapo wamelala na uji."

Niliona aibu na hakukosea. Toka siku hiyo situmii chakula kinachoweza kuliwa na mtu nikakitupa. Kuna njia nyingi tu: pumba za mahindi (mashineni unapewa kwa bei ya kutupa), unga ulioingiwa na wadudu ukaanikwa juani ukachekechwa, chenga za mchele zile za kuku ambazo baada ya mchezo zinaenda kwa kuku kweli, mchanga, maji, na maganda. Ule unga wa kufinyanga kikombe kimoja unachezewa wiki tatu, hapo dhamiri yangu imetulia. Mahindi yaliyoota ukungu lakini usiwape, hata kwa kuchezea, ukungu ule una sumu na vumbi lake wanalivuta.

Beseni

Kanuni yake ni fupi: kitu kimoja kingi, vyombo vitatu vinne, basi. Ukijaza midoli ishirini mtoto anavuruga dakika tano anaondoka. Mchanga na vikombe viwili, upawa na faneli uliyoikata kwenye shingo ya chupa, anakaa saa nzima. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto kule Roma Januari 1907, kuchota na kumimina alikuwa anakuchukulia kama somo kamili, na ukikaa ukamwangalia mtoto wa miaka miwili anavyouma ulimi akijaza kikombe kimoja kutoka kingine bila kumwaga utaelewa kwa nini.

Mchanga: usichukue wa uchochoroni paka wanapojisaidia. Wa mto au wa ujenzi, uchekeche kwa chekecheo la unga la zamani, uoshe kwenye ndoo mara mbili tatu mpaka maji yatoke safi, uanike juani siku nzima kwenye turubai. Kilo tano zinatosha beseni la kawaida. Ukimaliza funika, la sivyo paka watahamia humo.

Maji: hayana gharama na ndo wanayopenda kuliko vyote. Beseni, sponji, vikombe, chupa iliyotobolewa matundu chini kwa msumari wa moto (unatoboa wewe). Nikiwa nafua nawapa leso mbili na povu kidogo, wanafua hatuoni pa kukanyaga. Lakini naomba hili ulichukulie kwa uzito wake, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kina cha kiganja tu, anaangukia kifudifudi na hapigi kelele, kwa hiyo kwenye maji huendi kufungua geti, hupokei simu chumbani, humuachii wa miaka mitano amuangalie mwenzie. Ukiondoka ondoka na mtoto. Wakimaliza mwaga maji palepale.

Mchanga wa kubumba: unga vikombe vinane, mafuta kikombe kimoja, sugua kwa viganja mpaka ukiukamata unashikana na ukiubonyeza unamwagika. Tumia ule wa wadudu niliousema. Unga mbichi sio wa kula, kwa hiyo huu ni wa wale walioacha kuonja.

Sasa kunde. Mkubwa wangu akiwa na miaka mitatu nilimpa kunde achambue kwenye trei la mayai, kazi nzuri ya vidole, nikageuka kutia chumvi kwenye mboga nikisikia tu anapiga chafya. Nikamuuliza iko wapi moja, akanionyesha pua. Nikaanza kuchokonoa kwa pini ya nywele, ndo nikaisukuma ndani zaidi. Zahanati walinigombeza wakaitoa kwa kifaa chao dakika moja. Mbegu kavu ikikaa puani inafyonza unyevu inavimba, ndo maana usichokonoe na usingoje mpaka kesho, mwambie apumulie mdomo asivute kwa pua muende. Kunde na maharage kwangu sasa ni kuanzia miaka minne na mimi nimekaa mbele yake sio jikoni.

Rangi za jikoni

Rangi ya chakula ya duka ni sawa, tone mbili tatu. Ila za jikoni zina raha yake:

Njano ni binzari manjano, kijiko cha chai kwenye maji moto kidogo. Nyekundu ya zambarau ni choya, chemsha ngumi moja uchuje. Kijani ni mchicha uliotwangwa ukakamuliwa, unafifia haraka lakini unatosha mchana mmoja. Kahawia ni kahawa. Nyeusi ni mkaa uliosagwa, nyunyizia maji ukisaga vumbi lisipande.

Rangi ya kupaka kwa vidole: kornflawa nusu kikombe, ule unga mweupe laini wa kuongezea uzito supu, sio sembe, changanya na maji vikombe viwili ya baridi, weka motoni ukikoroga mpaka uwe mzito na unang'aa kama uji wa mgonjwa. Poza, gawa vikombe vinne, tia rangi. Wapake kwenye boksi lililofunguliwa, au karatasi za mfuko wa simenti ukikung'uta vizuri na kutumia lile tabaka la ndani lililo safi, au moja kwa moja kwenye sakafu ya bafuni halafu unamwaga maji. Hii ya bafuni ndo ninayoipenda mimi maana wanaoga humo humo. Tumia siku hiyo hiyo, kesho imechacha.

Na hii kornflawa ukiichanganya bila kupika, vikombe viwili kwa kimoja cha maji, inatoka kitu cha ajabu, ukikipiga ngumi ni kigumu, ukikiachia kinachuruzika vidoleni. Watu wazima ndo wanang'ang'ania kuliko watoto. Usikimwage kwenye sinki, kinatulia chini kinaziba bomba, kiache kikauke ukitupe.

Kuna uchawi mwingine ambao kila mama wa hapa ameuona bila kuutilia maanani. Doa la mchuzi wa binzari kwenye shati jeupe, ukilipaka sabuni ya mche linageuka jekundu kama damu, si ndio? Basi fanya makusudi. Paka maji mazito ya binzari kwenye karatasi nyeupe, kausha. Mpe mtoto pamba ya masikio iliyochovywa kwenye maji ya sabuni ya mche aandike, maandishi yanatokea mekundu. Halafu mpe ya ndimu apake juu, yanarudi njano. Wangu mkubwa aliandika jina lake, akalifuta, akaliandika, akamwita baba yake kutoka usingizini. Choya nayo inabadilika, ukitia magadi inaenda kwenye ubuluu na ukijani, ukitia ndimu inarudi kwenye wekundu. Magadi shika wewe, usiache wajipake maana yanawasha sana yakiingia machoni. Na madoa ya binzari yakigoma kutoka kwenye nguo anika juani, jua linayafifisha lenyewe siku mbili tatu.

Masikio na pua

Hizi ni za haraka. Chupa sita ndogo zisizoonyesha ndani, au zifunike na gazeti, mbili tia chenga, mbili mchanga, mbili vizibo, funga vizuri na supagluu kwenye mfuniko (gundi paka wewe, ikauke ndo umpe). Mtoto anatikisa anatafuta zinazolia sawa. Chupa hizohizo ni manyanga, wakichoka kutafuta wataanza kupiga ngoma na utajuta kidogo.

Za kunusa: vikopo vyenye iliki, karafuu, mdalasini, kahawa, ganda la ndimu, mfunge macho kwa mtandio abahatishe. Pilipili na pilipili manga hapana. Na ukiwa hapo angalia kama kuna mtu kaweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, ondoa leo, watoto wanakunywa wakidhani maji.

Chupa ya kutuliza: chupa ya nusu lita, maji nusu yenye rangi, mafuta ya kula jazia, vipande vidogo vya karatasi za pipi zile za kung'aa, gundi mfuniko. Mafuta na maji hayachanganyiki kwa hiyo akiipindua mapovu yanapanda polepole. Mdogo akinuna nampa, anakaa anaitazama kama anasoma.

Tiara

Hii weka kuanzia miaka minne, na wewe utafanya nusu. Wa Mombasa na Unguja wengine mnaita kishada. Zamani tulikuwa tunatumia rambo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 tumerudi kwenye gazeti, na gazeti linaruka vizuri tu.

Gundi kwanza: unga wa ngano kijiko kimoja kikubwa cha kujaa, maji kikombe kimoja, koroga baridi halafu pika mpaka uwe uji mzito. Au bonge la ugali la moto ukilisugua na kidole, tulivyofanya wote.

Njiti mbili za chelewa zilizonyooka, moja sentimita 40, nyingine 35. Ziweke msalaba, ya kupita ikae kama robo ya urefu kutoka juu, funga katikati kwa uzi mpaka zisicheze. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne, kata kidogo kila ncha kwa kisu ili uzi ushike, hapo una umbo la almasi. Lilaze juu ya gazeti, kata ukiacha vidole viwili pembeni. Mtoto apake gundi kwenye ukingo, hiyo ndo kazi yake na ataipaka mpaka kwenye magoti, kunja ukingo juu ya uzi, bonyeza. Liache likauke kabisa, gazeti bichi linachanika.

Kamba ya kurushia: toboa matundu mawili madogo, moja pale njiti zinapokutana na moja karibu na chini ya njiti ndefu, funga uzi kutoka tundu moja hadi jingine ukiwa umelegea kidogo, halafu funga uzi mrefu kwenye huo uliolegea, karibu zaidi na juu. Mkia ndo watu wanakosea, wanaweka mfupi tiara linazunguka kama kichaa linaanguka. Mkia uwe mita mbili na kitu, vitambaa vyembamba vilivyofungwa fundo fundo. Likiendelea kuzunguka ongeza mkia, likikataa kupanda punguza.

Upepo mzuri ni wa kusi, Juni Julai, jioni. Ufukweni au uwanja wa mpira. Popote penye nyaya za umeme hapana, na likinasa kwenye nyaya limekufa, hakuna kulifuata kwa mti wala fimbo. Na usitumie waya badala ya uzi.

Nikuambie na gari la boksi kwa kifupi: boksi la maziwa, vizibo vinne vya maji vilivyotobolewa katikati kwa msumari wa moto, njiti mbili za mshikaki umezikata ncha zile kali. Siri ni njiti izunguke bure ndani ya matundu ya boksi na kizibo kikaze kwenye njiti, vyote viwili vikikaza haliendi. Kamba mbele, wanakokota.

Baadaye utajikuta na rundo la vitu. Vya unga usivitunze kabatini, mimi nilihifadhi kiboko cha mkubwa na sahani ya kiganja cha mdogo nimefunga kwenye kitambaa kabisa, panya wakala kiboko miguu yote minne wakaacha kichwa. Sasa napiga picha, wakilala naviondoa kimyakimya, na kwenye boksi la chini ya kitanda vizibo vinarudi kusubiri zamu nyingine.